Tundu Lisilowekwa Kitu

Tarehe 16 Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha ripoti mbili kwa mpigo. Moja ilitoka Kyoto, Japani, nyingine kwa madaktari wa Marekani na Kanada. Zote zilieleza jambo moja: seli zilizokuzwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, zimepandikizwa katika ubongo wa watu wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, zimeshika, na hakuna aliyepata madhara makubwa kwa sababu ya seli hizo. Habari ilinifikia hapa Mwanza kwa simu kutoka pande zote za ukoo, maana ukoo mzima unajua baba anaumwa. Haukupita muda mrefu, shangazi akavuka kutoka Sengerema na boksi la vipaketi vya unga mkononi. Akasema tuache kuhangaika na mambo ya Japani, seli shina zimeshafika, hizi hapa, unakoroga kwenye maji ya uvuguvugu unakunywa asubuhi kabla hujala kitu.

Shangazi yangu si tapeli. Aliuziwa na mama mmoja wa kanisani kwao, naye aliuziwa na mwingine, na bei ya boksi lile ni mtaji wa mtu anayeanza biashara ya dagaa. Alikuja na ushuhuda pia: kuna mzee wa kijijini kwao alikuwa hawezi kushika kikombe, sasa anakishika na kunywa mwenyewe. Ushuhuda huo niliuamini, na bado nauamini. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Baba ni fundi mitumbwi. Sehemu kubwa ya maisha yake ameifanyia Igombe, mchangani, akiunda mitumbwi ya mbao inayokwenda kuvua dagaa usiku wa giza. Katika kazi ile hakuna panapodai mkono kama kukalafati: pamba inasokotwa, inasukumwa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, pigo baada ya pigo, kwa nguvu ile ile, kuanzia omo hadi tezi. Ugonjwa ulianza kujionyesha hapo. Mkono wa kushoto, ule unaoshika patasi, ulikuwa ukitetemeka akiwa amekaa tu, akianza kazi unatulia. Mwenyewe hakuulalamikia mtetemeko. Alilalamikia uzito. Mkono unasikia amri, alisema, lakini unachelewa kuitika.

Tukirudi nyuma, miaka kabla ya hapo baba alikuwa ameacha kusikia harufu. Anayeijua Igombe dagaa wakiwa wameanikwa anajua kwamba harufu ile haihitaji kutafutwa. Yeye alikuwa anapita katikati yake na kuuliza kama leo watu hawajaanika. Kupotea kwa harufu kunaweza kuutangulia mtetemeko kwa miaka mingi, ila nani angeunganisha pua na mkono? Kisha uso ukawa hauchezi, wateja wakasema fundi siku hizi ana kiburi. Mwandiko wake kwenye daftari la hesabu ukawa unasinyaa kadiri mstari unavyokwenda, mpaka mwisho wa mstari hausomeki. Sauti ikashuka. Na kwa kuwa kulikuwa na mtumbwi wake mmoja uliozama na mwenye mtumbwi akatoa maneno mazito, watu walihitimisha haraka: fundi amerogwa.

Akapelekwa kwa mganga, upande wa Magu. Alichanjwa, akapewa dawa ya kunywa, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo alitembea vizuri kuliko alivyotembea mwaka mzima. Mama ni shahidi, na mimi ni shahidi. Halafu hali ikarudi. Naomba msomaji azishike wiki hizo, nitazihitaji mbele.

Hospitali ilikuja baadaye. Daktari hakutegemea kipimo cha damu. Alimtaka baba atembee, ageuke, agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, afumbe ngumi na kuifumbua. Aliushika mkono wake akaukunja na kuukunjua, akausikiliza ukakamavu wake. Kisha akatuambia. Ugonjwa huu hutambuliwa hasa na jicho la mtu aliyezoea kuuona, na watu hao kwetu ni wachache. Watafiti waliousaka wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye wakazi wapatao 161,000, waliwapata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wengi wa hao 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nikiwaza idadi ya wazee waliokaa vibarazani kuanzia Nansio mpaka Musoma, mkono mmoja ukicheza mapajani, na majirani wakinong'ona kuhusu uchawi, nashindwa kulala.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo nyumbani niliombwa kueleza. Katika ubongo wa kati kuna kipande kidogo chenye seli za rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, na kuipeleka, kwa nyuzi ndefu, kwenye eneo jingine la ndani linalosimamia mwendo. Katika Parkinson seli hizo hufa taratibu, na siku mkono unapoanza kutetemeka sehemu kubwa yake imeshakwenda. Arvid Carlsson wa Uswidi ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1950, kwamba dopamini ni mjumbe kamili katika ubongo, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kuanzia mwaka 1967 George Cotzias, akiwa New York, alionyesha kwamba levodopa ikitolewa kwa dozi kubwa inayopandishwa polepole huwainua wagonjwa. Dopamini yenyewe haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Levodopa inavuka, na ikishaingia ndani inageuzwa kuwa dopamini. Kidonge cha baba kina levodopa pamoja na kabidopa, ambayo kazi yake ni kuzuia levodopa isigeuzwe njiani kabla haijafika.

Hapa pana jambo ambalo kwetu watu wa ziwa lina uzito wake. Protini ya chakula ikishameng'enywa hupitia mlango ule ule levodopa inaopitia, kwenye utumbo na kwenye ubongo, na zikikutana zinagombania. Baba alikuwa anameza kidonge na mlo: ugali na sato, au dagaa waliojaa sahani. Kidonge kikawa siku nyingine kinafanya kazi, siku nyingine hakifanyi, nasi tukakilaumu kidonge. Muuguzi mmoja aliyeuliza anakula nini ndiye aliyetufungua macho. Sasa anameza nusu saa au saa moja kabla ya kula, samaki wamehamia jioni, na asubuhi zake zimekuwa asubuhi. Sijaona badiliko kubwa zaidi ya hilo tangu aanze matibabu, na halikutugharimu hata senti.

Lakini kidonge hakizuii seli kuendelea kufa. Miaka ikienda, muda wa nafuu baada ya kila dozi hufupika, na dozi ikipanda mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe bila kuamriwa. Ndipo linapokuja wazo la kupandikiza. Badala ya kuleta dopamini kila baada ya saa kadhaa, mlete anayeitengeneza, umweke pale inapohitajika, akae.

Wazo hilo si jipya. Mwaka 1982 madaktari wa Stockholm walichukua tishu ya tezi iliyo juu ya figo ya mgonjwa mwenyewe wakaiweka katika ubongo wake. Mwaka 1987 ripoti kutoka Meksiko ikasema wagonjwa wawili wamepata nafuu ya ajabu kwa njia ya namna hiyo, na hospitali nyingi duniani zikakimbilia kuifanya. Nafuu haikudumu, madhara yalikuwa mazito, njia ikaachwa. Mwaka huo huo wa 1987, huko Lund, Uswidi, Olle Lindvall, Anders Björklund na wenzao walianza kupandikiza tishu ya ubongo iliyotoka kwa vijusi vya mimba zilizotolewa. Baadhi ya wagonjwa wao walipata nafuu kubwa kiasi cha kuacha levodopa kwa miaka. Mimi ni Mkatoliki na hapo siwezi kupita kimya: mgonjwa mmoja alihitaji tishu ya vijusi kadhaa, na hilo lilinikosesha raha, bado linanikosesha. Nafuu ya baba yangu ningependa itoke penginepo.

Tatizo jingine lilikuwa la ushahidi, na hilo ndilo kiini cha makala hii. Wagonjwa wa Lund walijua wamepandikizwa. Madaktari wao walijua. Familia zao zilijua. Je, kilichowainua ni seli, au ni kujua?

Marekani iliamua kuuliza swali hilo bila huruma. Katika jaribio lililoongozwa na Curt Freed, matokeo yake yakatoka mwaka 2001, walichukuliwa wagonjwa 40. Wote waliingia chumba cha upasuaji, wote wakatobolewa fuvu kwenye paji la uso wakiwa macho, kwa ganzi tu. Ishirini waliwekewa tishu. Ishirini hawakuwekewa kitu. Tundu lilitobolewa, sindano haikuingia kwenye ubongo, tundu likafungwa. Kwa mwaka mzima hakuna mgonjwa aliyeambiwa yuko upande gani. Mwisho wa mwaka, katika kipimo kikuu, yaani mgonjwa mwenyewe kueleza hali yake, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Wenye umri wa miaka 60 kushuka chini walionyesha kufaidika katika mwendo, waliozidi hapo hawakuonyesha. Na asilimia 15 ya waliopandikizwa walikuja kupata minyongonyo ya mwili isiyokoma hata dawa zilipopunguzwa. Jaribio la pili la namna hiyo, la watu 34, lilitoa matokeo yake mwaka 2003, nalo halikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Nilipoyasimulia haya sebuleni, shangazi alishika kifua. "Wamtoboe mtu kichwa wasimwekee kitu? Huo si ni ukatili, mwanangu?"

Baba alinyamaza kwa muda, akauliza kwa ile sauti yake ndogo ya siku hizi, "Hao waliotobolewa bure, baadaye waliwekewa?"

Nikamjibu kwamba waliruhusiwa kuchagua baada ya mwaka, na wengi walikubali. Akatikisa kichwa kwamba basi ni sawa. Mimi naona ni zaidi ya sawa. Tundu lile lisilowekwa kitu naliona ni tendo la uaminifu mkubwa kupita yote katika historia ya tiba hii. Watu walioamini wazo lao kwa miaka walikubali kuweka mbele ya macho yao kitu kinachoweza kuwaumbua, na kilipowaumbua wakachapisha.

Sababu ya kulazimika kufika huko ilionekana wazi mwaka huo huo wa 2001. Watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapa wagonjwa wa Parkinson dawa isiyo na kitu, wakawapiga picha za ubongo. Wagonjwa waliotarajia kupata dawa walimwaga dopamini ndani ya ubongo wao, dopamini halisi. Ugonjwa huu unagusa kemikali ile ile ambayo ubongo hutumia kusubiri jema. Na baadaye, watafiti walipowarudia wagonjwa wa jaribio la Freed, waligundua kwamba walioamini wamewekewa tishu walikuwa na maisha bora kuliko walioamini hawakuwekewa, hata kama ukweli ulikuwa kinyume.

Sasa turudi kwa mganga wa Magu. Baba hakuigiza zile wiki. Alichomwa wembe na mtu aliyemwamini, akaambiwa atapona, na seli zake chache zilizobaki zikamwaga zilichokuwa nacho. Mzee wa Sengerema naye kikombe amekishika kweli, na shangazi ameona kwa macho yake. Ndiyo maana katika Parkinson, kuliko magonjwa mengi, ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kutuambia kama dawa ni dawa. Hata wangu kuhusu kidonge na samaki usingetosha, kama kugombania mlango kule kusingekuwa kumepimwa na wengine kwa miaka mingi.

Unga wenyewe ni rahisi kuupima kwa akili. Seli yoyote ukiila, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya kipande cha nyama. Haifiki kwenye ubongo ikiwa hai, na hata ingefika haijui kazi ya dopamini. Kilichonipandisha hasira ni karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ikimshauri mtumiaji aache "dawa za kemikali" ili unga ufanye kazi. Kuacha levodopa ghafla kunaweza kumletea mtu ukakamavu mkali, homa kali na hata kifo. Nilimwomba shangazi ampigie mama yule wa kanisani siku hiyo hiyo, na alimpigia.

Wale wanaotaka cha asili wajue kwamba upupu, huu huu unaotuwasha porini, mbegu zake zina levodopa ya kweli. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18, na unga wa mbegu hizo uliandaliwa na kupimwa kwa uangalifu, ukafanya kazi karibu na kidonge. Siandiki hivyo ili mtu akachemshe mbegu nyumbani. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu na mbegu, na kuzidisha kuna madhara yake. Naandika kwa sababu hata mmea wa porini ulipimwa kwanza.

Na zile ripoti mbili za 2025? Ya Kyoto, iliyoongozwa na Jun Takahashi, ilitumia njia aliyoifungua Shinya Yamanaka, ambaye mwaka 2006 aligeuza seli za kawaida za panya zikarudia hali ya seli shina, mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobel. Seli zilitoka kwa mtu mzima aliyejitolea; hapo moyo wangu ulitulia. Zilikuzwa hadi kuwa changa za aina inayotengeneza dopamini, zikachujwa ili zisibaki zile zinazoweza kuota uvimbe, zikaingizwa kwa sindano nyembamba pande zote mbili za ubongo. Wagonjwa walikuwa saba, wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Sita walipimwa mwendo baada ya miaka miwili, na wanne kati yao walikuwa na nafuu hata dawa ilipokuwa imeisha mwilini. Picha zilionyesha utengenezaji wa dopamini katika eneo lililopandikizwa umepanda kwa wastani wa asilimia 44.7. Ile ya Marekani na Kanada ilikuwa na wagonjwa 12, watano kwa dozi ndogo na saba kwa kubwa, na seli zake zilitokana na seli shina za kiinitete, yaani mimba changa kabisa. Waliopata dozi kubwa walipungukiwa na wastani wa alama 23 baada ya miezi 18, kwenye kipimo ambacho alama zikipungua mgonjwa ana nafuu. Alama 23 ni nyingi. Huenda ni mtu aliyekuwa anasaidiwa kufunga vifungo na sasa anafunga mwenyewe.

Ila katika majaribio yote mawili hapakuwa na tundu lisilowekwa kitu. Kila mgonjwa alijua amewekewa. Wala picha peke yake hazitoshi, kwa sababu hata katika jaribio la Freed, picha au uchunguzi baada ya kifo ulionyesha nyuzi zimekua kwa wagonjwa 17 kati ya 20, na bado nafuu ilikuwa ile tuliyoiona. Watafiti wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana mwaka 2025 wale wa Marekani walianza jaribio kubwa zaidi, la watu wapatao 102, na safari hii baadhi yao wanatobolewa bila kuwekewa. Hilo ndilo jibu ninalolisubiri mimi. Katika siku mbaya za baba nalisubiri kwa uchu.

Hata likija jibu zuri, seli hizi zinarudisha dopamini katika eneo moja. Harufu ya dagaa haitarudi kwa njia hiyo. Choo kigumu, usingizi uliovurugika, kumbukumbu inayopungua, hayo yana mizizi sehemu nyingine za ubongo na mwili. Na mwaka 2008 uchunguzi wa wagonjwa waliofariki miaka 11 hadi 16 baada ya kupandikizwa ulionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kuingia hata katika baadhi ya seli mpya. Baba ameshapita miaka 70. Nilimwambia hata huko Kyoto asingechukuliwa. Alisema wachukue vijana, wao bado wana mitumbwi ya kuunda.

Kwa hiyo ninachokidai kwa ajili ya Mwanza, kwa sasa, ni kidonge. Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa na kabidopa katika orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2022 lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019. Dawa imejulikana tangu miaka ya 1960, lakini sisi tumeshazunguka mjini duka baada ya duka tukaambiwa imeisha, rudini wiki ijayo, wakati kidonge cha mwisho kimeshamezwa asubuhi. Ndugu wa mgonjwa wa Ukerewe anapanda meli kuja kuambiwa hivyo hivyo. Nawaomba wafamasia wa Kanda ya Ziwa waiagize dawa hii kabla haijaisha. Wanaoandaa kliniki za wazee kwenye vituo vya afya wamtazame kila mzee anavyotembea na kugeuka, hata kama amekuja kwa ajili ya presha. Na wewe ambaye mzazi wako mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika, hatua zimefupika, uso umekuwa mzito, mpeleke wiki hii aonekane, ukiwa umeandika kwenye karatasi anakula nini na saa ngapi.